Masikio Yalistaafu Kabla Yangu

Kazi ya ndege niliianza kwa kuwatupia mawe. Mtu wa Kasansa aliyekulia kwenye mashamba ya mpunga hana namna nyingine. Mpunga ukianza kubeba, watoto wote tulipelekwa shambani kuamia ndege, jua linapotoka mpaka linapozama, na makombeo, makopo na makelele. Kwelea wakishuka shambani asubuhi moja tu, nyumba nzima inakosa chakula cha mwaka. Kwa hiyo nilipomwambia mama, nikiwa kijana mzima, kwamba nimepata kazi hifadhini Sitalike ya kuwaonyesha watu ndege, alitaka aelezwe vizuri.

"Unawaonyesha, halafu?"

"Basi, mama. Wanatazama, wanapiga picha, wanaondoka."

"Na hao ndege wanabaki?"

"Wanabaki."

Mpaka anaaga dunia, Mungu amrehemu, aliamini kuna sehemu ya hiyo kazi ninamficha.

Nyie vijana mnaoongoza wageni pale Sitalike mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, eti mjifunze. Najua mnachotaka hasa. Mnataka kujua kwa nini mimi, Deogratias, mnayeniita Deo Masikio, niliteremka kutoka milima ya Mwese kiangazi kilichopita, msimu umechanganya, wageni wamejaa, nikakabidhi darubini na kwenda nyumbani kufuga kuku. Nasikia wengine mnasema niliumwa na nyoka. Wengine mnasema niligombana na Shija, dereva wetu. Ingekuwa nyoka ningekuwa na heshima zaidi. Nitawaambia ukweli, ila nipeni nafasi nianzie mwanzo, maana aibu yangu ina mizizi mirefu.

Siku ya kwanza kazini nilivaa shati la bluu. Jipya, la mikono mirefu, nimelinunua sokoni Mpanda kwa ajili ya siku hiyo, na suruali nyeusi iliyopigwa pasi. Nilijiona meneja. Dereva wa wakati ule alinitazama, mpishi akanitazama, wakatazamana, wakanikalisha siti ya nyuma kabisa kwenye gari la wazi. Sisi watu wa mpunga tulikuwa tunajua kwelea. Mbung'o tuliwaachia wengine. Sikujua kwamba mbung'o anafuata rangi ya bluu na nyeusi, na kwamba vile vitambaa vinavyoning'inia porini kumtega vimeshonwa kwa rangi hizohizo mbili. Nilikuwa mtego wenye miguu. Tulipotoka porini jioni, hakuna mgeni hata mmoja aliyeng'atwa, na mama mmoja akanishukuru kwa moyo wangu wa kujitolea. Shingo ilikuwa imevimba kiasi kwamba sikuweza kugeuka kumjibu. Ndiyo maana kwenye kila ratiba niliyowahi kuandika, mstari wa kwanza unahusu rangi ya nguo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Malaki, Mkonongo wa Ugalla, mrina asali tangu utoto. Ndege wenyewe hakuwapenda. Alimpenda mmoja tu, mlembe, yule anayemwita mtu kwa kelele na kumpeleka kwenye nyuki, na huyo pia alimpenda kwa sababu ya asali. Lakini alikuwa na masikio yasiyo ya kawaida, na kampuni yetu ilimwajiri kwa hayo masikio. Alinikalisha juu ya kichuguu, akanifunga macho kwa kitambaa chake cha kufutia jasho ambacho sidhani kilikuwa kimeona sabuni tangu masika, akasema, "Taja."

"Njiwa," nikasema.

"Njiwa yupi? Ukisema njiwa ni sawa na kusema mtu."

Tuliendelea hivyo viangazi viwili. Nikikosea ananigonga kisogoni kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba asiyotarajia kufunguliwa. Siku niliyotaja sauti kumi na moja mfululizo bila kukosea, alinifungua kitambaa akanitazama vizuri. "Wewe Deo una masikio," akasema. "Humo kichwani kwingine sijui kuna nini, lakini masikio unayo." Jina likanishika hapohapo. Nililivaa kwa majivuno kuliko lile shati la bluu, na mtaona kwamba lilikuja kuniletea mbung'o wale wale.

Mzee Malaki ndiye pia aliyenifundisha kupanga safari ya milimani. Mnaopanga sasa kwa simu mnanicheka, lakini sikilizeni. Mwese kunapandwa kiangazi, barabara ikiwa imekauka, ila kabla moto wa nyasi haujapita, maana ukishapita mgeni atapiga picha za majivu. Mgeni aambiwe alete sweta. Atacheka, atasema anakwenda Katavi si Ulaya. Mbebee blanketi kimyakimya. Kamera ikae ndani ya mfuko wa plastiki mpaka gari lisimame na vumbi litulie. Lenzi ikiingia unyevu, ifukieni ndani ya mchele usiku mzima. Mimi natumia mchele wa kwetu Mpimbwe, si kwa kuwa unafaa lenzi kuliko mwingine, ila asubuhi unapikwa. Salimieni ofisi ya kijiji kabla ya kufunga hema, si baada. Jua la asubuhi liwe mgongoni kwa mpiga picha, na kivuli chake kisimguse ndege. Na acheni asubuhi moja tupu kwenye ratiba. Ratiba isiyo na asubuhi tupu imeandikwa na muongo.

Sasa masikio. Masikio hayaagi. Mguu ukichoka unakuambia, jino ukilikosea linakukumbusha, lakini sikio linaondoka polepole na kukuachia ukimya unaodhani ni wa dunia. Mimi walianza kutoweka nyenje. Kiangazi kimoja nikaona pori limetulia sana. Nikamwambia mke wangu Bibiana, "Nyenje wamekwisha. Itakuwa ni hizi dawa za mashambani."

Bibiana akaacha kuchambua mchele. "Wamekwisha wapi? Hawa wanaonipigia kelele hapa ni nani?"

Nikajua mke wangu ameanza kuzeeka.

Baada ya nyenje wakafuata ndege, mmoja mmoja, kuanzia wale wadogo wenye sauti nyembamba. Mnalijua daftari langu, lile lenye jalada gumu, ambalo kila kiangazi niliandika nani nimemsikia wapi. Nikaanza kuandika, "Huyu hayupo tena." Mwaka uliofuata, "Na huyu hayupo tena." Niliandika kwa huzuni ya kweli kabisa. Wageni niliwapa hotuba ndefu kuhusu miti inayokatwa na mito inayokauka, na mgeni mmoja alitokwa machozi. Miti inakatwa kweli, hapo sikudanganya. Ila wale ndege niliowazika kwenye daftari walikuwa wanaimba juu ya kofia yangu wakati nikisoma tanzia yao.

Mwisho Bibiana alinipeleka kwa mtaalamu wa masikio. Akanivalisha vidude, akanipa kitufe, akasema nibonyeze kila nikisikia sauti. Nikakaa kwa adabu nikingoja aanze. Baada ya muda akanivua vidude akasema tumemaliza. Sauti nene, akasema, nasikia vizuri tu kwa umri wangu, mazungumzo yataendelea kuwa sawa, lakini zile za juu kabisa zimekwenda na hazirudi. Nililia njiani. Bibiana alidhani ni vumbi, au alijifanya anadhani.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angemwambia bosi. Mimi nikabuni mbinu. Mgeni anayekuja kutazama ndege mara nyingi ana masikio mazuri kuliko ya kwangu, na ndege akiimba, hawezi kujizuia, kichwa chake kinageuka. Kwa hiyo niliacha kusikiliza ndege nikaanza kutazama shingo za wageni. Shingo ikigeuka kulia, nami nageuka kulia, nainua kidole na kunong'ona, "Umemsikia?" Mgeni anafurahi, anasema kiongozi wetu hakosi kitu. Nilikula misimu minne kwa shingo za watu. Macho yangu ni mazima, kwa hiyo mara nyingi ndege alionekana na hakuna aliyedhurika. Nilijiambia hivyo.

Ndipo akaja Mwalimu Tumpe.

Alikuja mwenyewe ofisini Mpanda asubuhi moja mwanzoni mwa kiangazi, mama wa Kinyakyusa, mrefu, amestaafu ualimu zamani, na kamera kubwa ameifunga kwenye kitenge kama mtoto. Alikuwa anatembea na fimbo, na goti la kushoto lilikuwa limefungwa bandeji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye Deo Masikio?"

"Ndiye mimi."

"Basi nimefika," akasema, akakaa.

Akanieleza. Yeye na marehemu mume wake, Mwalimu Ambokile, walipangiwa kazi Mwese wakiwa wameoana mwezi uleule, kwenye shule ya msingi ya huko mlimani. Kila alfajiri kulikuwa na kandege kanaimba kwenye miti iliyozunguka shule, sauti nyembamba, ting, ting, ting, kama mtu anagonga glasi kwa kijiko kwa mbali. Shule haikuwa na saa. Kengele ilikuwa dramu la breki la lori bovu, limening'inizwa kwenye mti, na Mwalimu Ambokile alikuwa analigonga kwa kipande cha chuma pale tu kandege kanapomaliza kuimba. Watoto wote wa Mwese waliwahi au kuchelewa kwa saa ya ndege. Na katika miaka yote waliyokaa kule, hakuna aliyewahi kukaona. Kalikuwa kanajificha.

"Ambokile alikuwa anasema, 'Tumpe, siku moja tutakaona uso.' Tukahamishwa, tukahamishwa tena, tukazeeka, akafa. Sasa mimi goti hili linafanyiwa upasuaji mwezi ujao, na daktari amesema milima basi. Nimejifunza kamera kwa ajili ya hili tu. Nataka nikaone uso, nikapige picha, niiweke pale kwenye picha yake. Nimeulizia, nikaambiwa mtafute mwenye masikio."

Kandege kale nilikuwa nakajua, kwa sauti. Kukaona sikuwahi. Na kwenye daftari, misimu mitatu nyuma, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, "Hakapo tena Mwese." Kwa hiyo nilikuwa na nafasi mbili za kusema ukweli. Ningeweza kusema, Mwalimu, mimi sisikii. Au hata ningesema, Mwalimu, kandege kamekwisha. Nikamtazama na fimbo yake na kitenge chake, nikasema, "Mwalimu, asubuhi tatu zinatosha."

Hata asubuhi tupu sikuiacha.

Tulipanda watatu. Wa tatu ni huyo Shija, dereva na mpishi, Msukuma mwenye kitambi na moyo mzuri, ambaye amewaendesha watazama ndege maisha yake yote na kwake yeye ndege wapo wa aina mbili: wale wanaoliwa, na wengine wote, ambao kila mmoja anamwita "hako kandege". Ukimwonyesha hondohondo atasema, "Ana nyama?" Gari lenyewe mnalijua, lile la zamani, na Shija analipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Tulifunga kambi ukingoni mwa msitu, akaliegesha chini ya mti mkubwa, akalifuta vumbi kabla hajashusha hata sufuria moja.

Asubuhi ya kwanza mimi na Mwalimu tuliingia msituni kukiwa na umande. Nilimtembeza polepole kwa ajili ya goti. Tukasimama mahali pazuri, nami nikaanza kazi yangu ya kutazama shingo. Shingo yake ikageuka kushoto. Nikageuka kushoto, nikainua kidole.

"Umekasikia, Mwalimu?"

"Vizuri kabisa," akasema. "Na wewe?"

"Aa, mimi tena!"

Tukaenda kushoto. Hakuna kitu. Kidogo akageuka nyuma, nami nikageuka nyuma. Mara mimi nimegeuka kuondoa jani shingoni, naye huyo, amegeuka upande uleule, macho yamemtoka kwa matumaini. Tulizunguka msitu ule mpaka jua likawa kali, na mtu mwingine angetuona angedhani tunajifunza ngoma. Nilishangaa sana masikio ya yule mama. Nikajiambia, kwa umri ule, wenzetu wa Rungwe wamebarikiwa.

Tuliporudi kambini, Mwalimu akaenda kulaza mguu hemani. Shija alikuwa amefungua boneti, kichwa kimezama ndani.

"Mzee Deo, kuna kitu kinalia kwenye gari."

"Kinaliaje?"

"Kama baiskeli isiyo na girisi. Ting, ting, ting. Kimeanza alfajiri mlipoondoka."

"Injini ikiwaka?"

"Hapana, bwana! Injini imezimwa. Nikilala chini kukitafuta kinalia juu. Nikipanda kwenye keria kinanyamaza. Nikishuka kinaanza."

Someni hayo maneno tena, vijana. Nilikuwa mtaalamu wa ndege mwenye jina mkoa mzima. Nilisimama chini ya mti ule, nikakuna kidevu, nikamwambia Shija, "Itakuwa mkanda."

Asubuhi ya pili ilikuwa kama ya kwanza, ila tulizunguka mbali zaidi, na goti la Mwalimu likaanza kuvimba. Hakulalamika. Alisema mara tatu kwamba amekasikia bondeni, nami mara tatu nikathibitisha. Mchana tukala wali na kuku wa Shija, na Mwalimu akaacha kula akasema, bila kumwangalia mtu, "Sijui kama nitaweza kesho, Deo. Lakini nikishindwa kesho sina siku nyingine." Moyo uliniuma kweli. Nilifungua mdomo nimwambie. Nilikuwa na mfupa wa paja la kuku mdomoni, nikaukuta unafaa, nikaendelea kuutafuna mpaka nafasi ikapita.

Shija naye hakuwa na raha. Alishapaka mafuta bawaba za milango yote, kwanza girisi, halafu girisi ilipokwisha, mafuta yetu ya kupikia. Alishahamia chini. "Bodi ya gari inabeba sauti," akanieleza. "Unaisikia juu, kumbe chanzo kipo kwenye magurudumu. Kesho nafungua breki."

"Fungua," nikasema. Nilikuwa na shida zangu.

Asubuhi ya tatu Mwalimu alitembea hatua zisizofika mia mbili. Akakaa kwenye gogo. Nikakaa. Msitu ulikuwa mzuri, ukungu unapanda kutoka bondeni, na kwetu sote wawili ulikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, ila kila mmoja hakujua hali ya mwenzake. Tukakaa muda mrefu. Halafu akasema, "Turudi. Umejitahidi." Hilo neno, umejitahidi, bado linanichoma. Nikamshika mkono tukarudi.

Tulipotokeza kambini tulikuta gari halina gurudumu la nyuma, limekaa juu ya jeki na mawe. Vipuri vimetandazwa kwenye turubai. Dramu la breki Shija alikuwa amelifuta likang'aa, akalining'iniza kwa kamba ya manila kwenye tawi lisiingie mchanga. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama katikati, mikono myeusi, spana imeelekezwa juu ya mti, na uso wa mtu aliyedhulumiwa.

"Nimekipata!" akapiga kelele. "Siku tatu! Siku tatu nafumua gari la watu! Si gari! Ni hako kandege!"

Tukatazama juu. Pale ilipoonyesha spana, kwenye tawi la chini kabisa, kalikuwa kamesimama kandege kadogo, ka kijivu, kifua cha njano iliyofifia, ka kawaida mno. Kambini kwetu. Juu ya gari letu. Mwalimu Tumpe akanikaba mkono.

Na mimi, Mungu anisamehe, kwa mazoea ya misimu minne, nikainua kidole nikasema, "Sikiliza, Mwalimu. Kanaimba vizuri sana."

"Vizuri mno," akasema Mwalimu, amefumba macho. "Ni kenyewe. Sauti yake ileile."

Shija akatutazama mmoja mmoja. "Kanaimbaje?" akauliza. "Si kana kiwavi mdomoni?"

Nikainua darubini. Kweli, kalikuwa na kiwavi kinene cha kijani, kimekaba mdomo wote. Hakakuwa kanatoa hata pumzi.

Mwalimu akafumbua macho. "Deo."

"Naam, Mwalimu."

"Tangu juzi ulikuwa unasikia nini?"

"Mwalimu, mimi nilikuwa naangalia shingo yako."

"Yangu? Mimi nilikuwa naangalia ya kwako!"

"Nyie wazee!" Shija akanong'ona kwa hasira. "Pigeni picha kwanza, mtaulizana baadaye!"

Akapiga. Mwalimu akaegemeza kamera kwenye bega langu, nami nikazuia pumzi mpaka macho yakaona giza. Akapiga nyingi. Kisha kandege kakameza kiwavi, kakajikung'uta, kakainua kichwa, mdomo ukafunguka na koo likaanza kucheza.

"Sasa hivi kanaimba?" Mwalimu akamwuliza Shija.

"Kanaimba, Mwalimu. Husikii?"

"Sisikii, mwanangu. Sauti nyembamba ziliondoka sikio la kulia mwaka aliokufa Ambokile, la kushoto likafuata. Niliona aibu kusema. Nilijua nikisema hakuna atakayenipandisha." Akakaa chini kwenye ukingo wa turubai, kati ya nati za Shija. "Uso nimeuona. Sauti ndiyo nimeichelewa."

Alilia, na mimi nililia. Tulikaa wataalamu wawili chini ya ndege aliyekuwa anaimba kwa nguvu zake zote, tukimtazama koo.

Shija akajifuta mikono kwenye suruali. Akamsikiliza yule ndege kwa makini, kichwa kimeinama, vilevile anavyosikiliza injini. Kisha akakaza midomo akapiga mluzi. Mluzi wa Shija ni mzito, wa kuitia ng'ombe. Haukuweza kufika kule juu aliko ndege. Ulibaki chini kwetu, polepole, kitu kilekile kwa sauti nene. Ting, ting, ting. Nilikaa nikakumbuka kichuguu na kile kitambaa kichafu cha Mzee Malaki. Mwalimu Tumpe alikuwa ameweka mkono kifuani, na midomo yake inahesabu.

Shija akanyamaza. "Kameishia hapo," akasema.

Mwalimu akasimama bila fimbo. Akanyoosha gauni, akachukua spana mkononi mwa Shija, akaenda mpaka kwenye lile dramu la breki lililoning'inia, akaligonga mara tatu kwa nguvu kama mwalimu wa zamu. Ngoo. Ngoo. Ngoo. Sauti ikateremka bonde zima, na kandege kakaruka kwa hofu. Hiyo tuliisikia wote watatu.

Nakala ya picha ameniletea baada ya goti kupona, ipo sebuleni kwangu. Kandege hakakutoka vizuri sana, ila kiwavi kinaonekana, na pembeni spana ya Shija imetoka safi kabisa. Shija akipita kwangu na wageni anapiga honi, anashuka, ananipigia mluzi wa ndege wote aliowasikia wiki hiyo, maana siku hizi anasikiliza, ingawa bado anauliza kama wana nyama.

Mimi tuliporudi Mpanda nilikwenda moja kwa moja kwa bosi nikamweleza yote, pamoja na zile shingo. Halafu nikaomba nikae na daftari langu mara ya mwisho kabla sijalikabidhi. Lipo kabatini, kalisomeni. Kila ukurasa nilipoandika "hayupo tena", nimekata kwa mstari mmoja, ili muweze kusoma ujinga wangu chini yake, na pembeni nimeandika: Yupo. Mimi ndiye nisiyemsikia.